Kutoka Baraza la Athens hadi Gereza la Mombasa

Tuanze na neno gereza. Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu asili yake ni kwamba Waswahili walilipata kwa Wareno, na kwa Wareno halikuhusiana na jela hata kidogo. Igreja kwao ni kanisa. Walipojenga ngome zao katika mwambao wetu, ikiwemo ile kubwa ya Mombasa, Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, walikuwa na makanisa ndani ya kuta hizo. Watu wa mji, ambao wengi wao kuta waliziona kwa nje tu, wakalitwaa jina la kanisa wakalipa jengo zima. Kilwa Kisiwani, magofu ya ngome mpaka leo yanaitwa Gereza. Na kwa kuwa ngomeni ndimo walimofungiwa watu, jina likahama tena. Waingereza walipoigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela mwaka 1895, lugha ilikuwa imeshawatangulia.

Rudi nyuma zaidi. Igreja ya Wareno ni ecclesia ya Kilatini, na Warumi nao walilichukua neno hilo kwa Wagiriki: ekklesia. Kabla Wakristo hawajalifanya jina la kanisa, ekklesia lilikuwa jina la baraza la raia wa Athens. Walipanda kilima cha Pnyx, wakaketi, wakasikiliza wasemaji, wakanyoosha mikono. Baadhi ya maamuzi mazito yalitaka watu 6,000 wawepo. Mvuvi alikuwa na kura moja, na Pericles, kiongozi mashuhuri wa mji, alikuwa na kura moja.

Basi neno lililoanza kama jina la watu waliokusanyika kujiamulia mambo yao lilitufikia likiwa jina la kuta wanamofungiwa watu. Katikati ya safari hiyo wamesimama Warumi. Wao ndio waliolipokea neno la Wagiriki, wakalipa ofisi, ngazi za vyeo na jengo, kisha wakaliacha mikononi mwa mataifa yaliyokuja kutawala nusu ya dunia. Sijaona mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi jinsi urithi wa wawili hao ulivyotufikia.

Swali la nani kati ya Wagiriki na Warumi wa kale ameacha alama kubwa zaidi ni la siku nyingi, na jibu lake la darasani linajulikana: Wagiriki walifikiri, Warumi wakajenga. Mmoja kichwa, mwingine mikono. Silikubali jibu hilo. Archimedes alikuwa Mgiriki wa Syracuse, na mitambo yake iliwahangaisha wanajeshi wa Roma waliouzingira mji huo mpaka ulipoanguka mwaka 212 KK. Hiyo ni mikono. Upande wa pili, soma kisa kimoja kilichomo katika maandishi ya wanasheria wa Roma. Kinyozi ameweka kiti chake karibu na mahali watu wanapochezea mpira. Mpira unarushwa kwa nguvu, unampiga mkononi, wembe unakata koo la mtumwa aliyekuwa akinyolewa. Nani alipe? Aliyerusha mpira? Kinyozi, kwa sababu alijua pale ni uwanja wa mchezo? Au mwenye kulaumiwa ni yule aliyekubali kukalia kiti kilichowekwa mahali pa hatari? Ulpianus anazipitia rai hizo moja moja, anawataja waliotangulia kuzisema, anapima. Yeyote aliyewahi kusikiliza shauri la ajali ya bodaboda anaijua kazi hiyo, na ni kazi ya akili tupu.

Tofauti ninayoiona mimi iko katika namna urithi wao unavyopokewa. Wa Wagiriki hufika kama hoja, na hoja mtu anaweza kuisikiliza, kuipinga, kuichukua nusu, hata kuikataa kabisa. Wa Warumi hufika kama utaratibu: sheria, kalenda, herufi, vyeo, mipaka. Utaratibu haumngoji mtu aukubali, anazaliwa akaukuta. Ndiyo maana nasema Roma ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi katika maisha ya watu. Na ndiyo maana pia wengi wanadhani ni Ugiriki, kwa sababu hoja huonekana, na utaratibu ukishazoeleka hauonekani tena.

Kwetu sisi wawili hawa walipita milango tofauti. Mgiriki alikuja kwa jahazi. Mrumi alikuja kwa meli ya moshi.

Jahazi lilipakiwa Baghdad. Kati ya karne ya 8 na ya 10, chini ya makhalifa wa Bani Abbas, wanazuoni walitafsiri kwa Kiarabu sehemu kubwa ya elimu ya Wagiriki: mantiki ya Aristotle, jiometri ya Euclid, elimu ya nyota ya Ptolemaeus, tiba ya Galen. Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefariki mwaka 873, alitafsiri makumi ya vitabu vya Galen, na kwa kitabu kimoja alikuwa akitafuta nakala kadhaa azilinganishe kwanza kabla hajaanza kutafsiri. Kiarabu kilikuwa na maneno mengine ya Kigiriki tangu kale, na pepo za kaskazi zikayaleta yote pamoja. Kalamu ni kalamos, unyasi wa kuandikia. Karatasi ni khartes. Falsafa haihitaji maelezo. Kanuni ni kanon, ufito ulionyooka ambao fundi hupimia kazi yake. Hata balghamu, hayo makohozi yanayomkaa mtu kifuani, ni phlegma ya matabibu wa Kigiriki.

Hili la balghamu linanigusa. Bibi yangu hakuruhusu tunywe madafu usiku, kwa sababu dafu ni baridi na usiku ni baridi, na mwili ukizidiwa na baridi unajaa balghamu. Kila chakula alikijua kama ni cha moto au cha baridi. Mfumo huo wa kupima mwili kwa mizani ya joto na ubaridi, na wa majimaji manne yanayotakiwa kulingana, ndio ule ule aliouandikia Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na akaja kuwatibu makaisari wa Roma. Nchi za Mashariki bado wanaiita tiba ya Yunani. Bibi hakupata kulisikia jina la Galen, na wala hakulazimishwa na mtu kufuata elimu yake. Ilimfikia kwa watu walioiona ina maana, wakaichanganya na waliyoyajua, wakaipitisha.

Tazama pia kilichoachwa Baghdad bila kutafsiriwa. Cicero, msemaji mkubwa wa Roma, hakuguswa, wala Virgil, mshairi wao. Tamthilia za Sophocles ziliachwa. Sheria za Roma hazikuwa na nafasi, kwa kuwa Waislamu walikuwa na fiqhi yao na hawakuona wanapungukiwa na nini. Wanazuoni wale walichagua. Walichukua yale yanayoweza kujadiliwa na mtu wa dini yoyote na lugha yoyote, yale ya utaratibu wa maisha wakabaki na ya kwao. Unaweza kuwa mfuasi wa Aristotle katika mantiki ukabaki Mwislamu kamili, kama alivyokuwa mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba. Kuwa chini ya sheria ya Roma ukabaki na dola yako mwenyewe ni jambo jingine.

Nikiishia hapo nitakuwa nimepindisha mambo, maana ndani ya jahazi lile lile yalikuwemo maneno ya Roma. Kasri ni castrum, kambi ya jeshi. Dinari ni denarius. Kandili ni candela. Wakia, kile kipimo cha dhahabu na manukato, ni uncia. Sirata nayo, ile njia iliyonyooka anayoiomba Mwislamu katika kila rakaa, wachunguzi wengi wa lugha wanaiunganisha na strata ya Kilatini, yaani barabara iliyotandikwa mawe. Na kabla yao as-Suyuti, mwanazuoni wa Misri aliyefariki mwaka 1505, alishalitaja neno hilo kuwa limo katika lugha ya Rumi. Sasa yapange mafungu mawili. Kwa Wagiriki tumepata kalamu, karatasi, falsafa na kanuni. Kwa Warumi tumepata ngome, sarafu, taa, mizani na barabara. Dirhamu, iliyotoka kwenye drakhme ya Wagiriki, inaniharibia mpangilio huu, na almasi vilevile. Hata hivyo mwelekeo unaonekana.

Na hao Rumi wenyewe, waliotajwa katika Sura ya 30 ya Qurani, walikuwa wanazungumza Kigiriki. Mji mkuu wao ulikuwa Konstantinopoli, dola yao ilidumu hadi mwaka 1453, na mpaka siku ya mwisho walijiita Warumi. Mshairi Horatius aliandika kwamba Ugiriki uliotekwa ulimteka mshindi wake, na maneno hayo yananukuliwa kila mahali kama hukumu ya mwisho. Mimi naona watu waliosoma Homer katika lugha yake, waliosali kwa Kigiriki, waliogombana kwa Kigiriki, lakini kwa miaka elfu moja na zaidi ukiwauliza wao ni nani wanajibu: Warumi. Anayempa mwenzake jina la kujiita ndiye aliyemmeza.

Meli ya moshi ilileta mambo ya aina nyingine. Makala haya unayasoma kwa herufi za Roma. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tenzi za Lamu, Pate na Mombasa zimehifadhiwa hivyo. Wamishonari na serikali za kikoloni ndio waliotuhamisha. Hapa Mgiriki anastahili haki yake. Alfabeti ya Warumi ni mjukuu wa alfabeti ya Wagiriki, na Wagiriki walipoichukua kwa Wafoinike, yapata karne ya 8 KK, ndio walioipa herufi kamili za irabu. Lugha yetu haiendi hatua bila irabu. Katika maandishi ya kale ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, msomaji alihitaji muktadha kujua kama mwandishi alikusudia toa au tua. Ugunduzi ni wa Mgiriki. Aliyeueneza mpaka ukawa hauna mpinzani ni Mrumi na waliomrithi.

Kalenda nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 45 KK Julius Caesar aliufuta mwaka wa zamani wa Roma uliokuwa umevurugika, akaanzisha wa siku 365 na siku moja ya ziada kila mwaka wa nne. Hesabu alimpigia Sosigenes, mwanafalaki wa Aleksandria aliyekuwa na elimu ya Kigiriki. Jina la Sosigenes halimo katika mwezi wowote. Julai ni ya Julius, Agosti ni ya Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma. Sisi tunaosema mwezi wa tisa ni Septemba tunautaja mwezi wa tisa kwa neno lenye maana ya saba, kwa sababu mwaka wa kale wa Roma ulianza Machi, na hakuna aliyejisumbua kurekebisha.

Jambo moja kuhusu wakati hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Warumi walihesabu saa kama sisi. Jua likichomoza hesabu inaanza, mchana ni saa sita, na neno siesta la Wahispania, usingizi wa mchana, lina asili ya hiyo saa ya sita. Injili inaposema Yesu alikata roho karibu na saa tisa, msomaji wa Kiswahili anaelewa moja kwa moja ilikuwa alasiri, wakati Mwingereza anahitaji kubadilishiwa hesabu. Hatukuichukua kwao hesabu hii. Jua la ikweta linatosha kuifundisha. Lakini ni ajabu kwamba utaratibu huo wa Roma, ambao Ulaya yenyewe imeuacha, unaishi Tanga na Bukavu bila kuwa na uhusiano wowote na Roma.

Kuhusu sheria, nenda Kigoma siku isiyo na ukungu utazame ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Milima unayoiona ni ya Kongo. Mfanyabiashara wa dagaa na migebuka wa Kigoma na mwenzake wa Kalemie wanaelewana kwa Kiswahili, wanajua samaki wale wale na dhoruba zile zile. Wakigombania mkataba, wanaingia katika dunia mbili. Sheria ya mikataba ya Tanzania imetokana na ile ya India ya mwaka 1872, iliyoandikwa na Waingereza kwa kufuata mahakama zao. Ya Kongo inarudi Brussels, kutoka Brussels inakwenda Paris kwenye sheria ya Napoleon ya mwaka 1804, kutoka Paris inapita Bologna ambako wasomi walianza upya kufundisha sheria za Roma mwishoni mwa karne ya 11, na inaishia Konstantinopoli, ambako Kaisari Justinian aliamuru sheria zote za Roma zikusanywe kati ya mwaka 529 na 534. Kigoma nako Roma haikosekani. Jaji anayetengua uamuzi kwa sababu upande wa pili haukusikilizwa mara nyingi huitaja kanuni hiyo kwa Kilatini.

Ninaposema utaratibu nisieleweke kwamba nausifu tu. Amri ya mikataba ya Kongo ni ya tarehe 30 Julai 1888. Inasema mapatano yaliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioyafunga, maneno mazuri yenye ukoo mrefu. Ilitolewa na dola la Leopold II, lile lile lililokuja kujulikana duniani kwa mpira uliogemwa kwa viboko na kwa mikono iliyokatwa. Sheria ile iliandikwa vizuri, lakini wale waliochapwa viboko hawakuhesabiwa kuwa wamefunga mkataba na mtu.

Kwa nini basi utaratibu wa Roma ulidumu hivyo, wakati miji ya Wagiriki haikuweza hata kuungana yenyewe kwa yenyewe kwa muda mrefu? Silaha ni sehemu ya jibu, lakini madola yenye silaha kali yamepita bila kuacha kitu. Mimi naitazama milango yao. Mwaka 451 KK, Athens, kwa pendekezo la Pericles, ilipitisha kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathene. Aristotle, aliyeandika kuhusu siasa za miji ya Wagiriki kuliko mtu yeyote, alizaliwa Stagira, mji mwingine wa Wagiriki. Aliishi Athens miaka mingi akiwa mgeni mkazi. Hakuruhusiwa kupiga kura katika baraza lile la Pnyx wala kumiliki ardhi ya shule aliyofundishia.

Roma ilifanya kinyume. Mtumwa wa raia wa Roma akiachwa huru kwa kufuata taratibu, naye huwa raia. Miji iliyoshindwa vitani ilipewa uraia polepole, mara nyingi baada ya manung'uniko na damu. Mwaka 48 BK Kaisari Claudius alisimama mbele ya seneti kutetea kuingizwa humo kwa Wagalia, watu wa Ufaransa ya leo, na akawakumbusha kwamba Roma ilikuwa ikipokea wageni tangu mwanzo. Mwaka 212 Kaisari Caracalla aliwapa uraia karibu watu wote huru wa dola nzima. Wanahistoria wanasema alitaka kodi, na huenda ni kweli, lakini mlango ulifunguka. Baba yake, Septimius Severus, aliyetawala tangu mwaka 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwafrika wa kaskazini alikalia kiti cha Augustus miaka mia tano na zaidi baada ya mwanafalsafa mkubwa kuliko wote wa Ugiriki kunyimwa kura moja.

Mfikirie Paulo wa Tarso. Myahudi. Nyaraka zake aliziandika kwa Kigiriki, na mabishano yake na watu wa Athens yalikuwa kwa Kigiriki. Alipokuwa anafungwa kamba ili achapwe, hoja haikumsaidia. Kilichomwokoa ni kusema yeye ni raia wa Roma. Kamanda aliogopa, kwa sababu yeye mwenyewe uraia aliununua kwa fedha nyingi, na Paulo alizaliwa nao.

Lakini kuna mahali ambapo hukumu yangu inakuwa nzito kuitoa, na sisi wa mwambao hatuna ruhusa ya kupapita haraka. Nasema utumwa. Wote wawili walijenga juu yake. Aristotle aliandika kwamba wapo watu ambao kwa maumbile yao ni watumwa, na mtumwa ni chombo chenye uhai. Hoja hiyo ilikuwa na maisha marefu: mwaka 1550, kule Valladolid, Hispania, msomi Sepúlveda aliitumia kuhalalisha vita vya Wahispania dhidi ya wenyeji wa Amerika, akipingwa na padri Las Casas. Ni moja ya hoja mbaya zaidi kuwahi kuandikwa na mtu mwenye akili kubwa.

Ukiusoma ukurasa wenyewe, hata hivyo, unakuta jambo. Aristotle anakiri kwamba wapo wengine wanaosema utumwa ni kinyume cha maumbile, kwamba ni sheria tu na mabavu. Hakutuachia majina yao. Lakini walikuwepo, walisema, na yeye alilazimika kuwajibu.

Wanasheria wa Roma nao waliandika tafsiri ya utumwa, na imo katika kitabu cha mafunzo cha Justinian cha mwaka 533: utumwa ni desturi ya sheria ya mataifa ambayo kwayo mtu huwekwa chini ya umiliki wa mwingine, kinyume cha maumbile. Kinyume cha maumbile! Walikubali kile ambacho Aristotle alikikataa. Kisha wakaendelea na kurasa zinazofuata: nani anamiliki mtoto wa mjakazi, mtumwa akijeruhiwa alipwe nani, akiuzwa na ugonjwa uliofichwa iweje. Utaratibu hauhitaji kushinda hoja. Unaweza kukubali kwamba umekosea tangu mstari wa kwanza na bado ukaendelea kufanya kazi kwa miaka elfu.

Kanuni moja ya kurasa hizo ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mwaka 1662 koloni la Virginia, lililokuwa chini ya Waingereza ambao kwao mtoto alifuata hali ya baba, lilipitisha sheria inayolingana na hiyo ya Roma. Matokeo yake, bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali. Linganisha na fiqhi iliyofuatwa katika mwambao wetu, ambako mtoto wa suria na bwana wake, baba akimkubali, alizaliwa huru na akarithi. Sisemi utumwa wetu ulikuwa mwepesi. Soko la Zanzibar linajulikana. Nasema mstari mmoja wa utaratibu, ukivuka bahari, unaamua vizazi na vizazi ni watu au ni bidhaa.

Turudi kwenye baraza. Leo karibu kila serikali duniani inajiita ya kidemokrasia, na neno hilo ni la Wagiriki. Ukifungua mlango ukatazama ndani, samani ni za Roma. Kenya ina Seneti tangu Katiba ya 2010. Kongo, Rwanda na Burundi zina zao. Wamarekani walipojenga nyumba ya bunge lao waliita kilima chake kwa jina la Capitolium, kilima cha Roma, na mwaka 1788 James Madison, mmoja wa waasisi wa katiba yao, aliandika kwamba hata kama kila Mwathene angekuwa Socrates, mkutano wa Athens bado ungekuwa kundi la ghasia. Waliogopa Athens, wakachagua Roma, kisha baadaye wakalipaka jina la Athens.

Mwathene angetushangaa kweli. Kwao uchaguzi wa kura ulihesabiwa kuwa njia ya utawala wa wachache, kwa sababu anayechaguliwa ni mwenye jina, mwenye mali au mwenye ulimi. Demokrasia kwao ilikuwa bahati nasibu. Baraza la watu 500 lililoandaa ajenda lilipatikana hivyo, watu 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, na mahakama zilijazwa hivyo. Wazo hilo hatukulirithi kabisa. Limebaki vitabuni, linangoja mtu wa kulijadili, kama ilivyo kawaida ya mambo ya Wagiriki. Wanawake wao, watumwa wao na wageni wao hawakuwemo hata katika bahati nasibu hiyo.

Nimalizie kwa maandishi yanayotuhusu sisi wenyewe. Katika karne ya 1 BK, mfanyabiashara mmoja wa Misri, asiyejulikana jina, aliandika mwongozo wa biashara ya bahari hii. Aliishi chini ya Roma, akafaidi usalama wa bandari zake na soko lake lenye njaa ya pembe na magamba ya kasa. Aliandika kwa Kigiriki. Anaeleza pwani aliyoiita Azania, kisiwa cha Menouthias ambako watu walikuwa na mashua za kushonwa kwa kamba, na soko la mwisho bara, ambako mabaharia wa Kiarabu walioa wenyeji na kujua lugha yao. Soko hilo analiita Rhapta, na anasema limepewa jina kutokana na hizo mashua za kushonwa, maana rhapta kwa Kigiriki ni vitu vilivyoshonwa. Karne moja baadaye Claudius Ptolemaeus wa Aleksandria, mwenye jina la kwanza la Kirumi, akauweka mji huo katika jiografia yake, na kutoka hapo ukaingia Baghdad na Ulaya.

Watafutaji wameutafuta kuanzia Pangani hadi kwenye delta ya Rufiji na kusini zaidi. Mashua zile tunazijua, mitepe ilishonwa Lamu mpaka karne ya 20. Lugha ile ambayo mabaharia waliijua hakuna aliyeiandika neno hata moja, na jina ambalo wenye mji waliuita mji wao halimo katika kitabu chochote.